Maneno ya Kanga: Nani Ataulizwa?





Mwezi uliopita tulizungumza hapa juu ya ulimi na hatari zake. Leo napenda tuzungumze juu ya ulimi mwingine, ambao haukai kinywani, nao husema mchana kutwa hali mwenyewe amenyamaza. Ulimi huo ni kanga, au leso kama wasemavyo ndugu zetu wa Mombasa.

Huenda mtu akacheka akasema: Mwalimu wa chuo ana haja gani na kanga za wanawake? Haja anayo. Hapana nyumba ya Mwislamu katika pwani yetu hii isiyokuwa na kanga. Mtoto azaliwapo hupokewa kwa kanga. Huku kwetu Uzaramoni mwali atolewapo nje huvishwa kanga na hutunzwa kanga. Bibi harusi hupelekewa doti kwa doti. Na mwanamke afapo, kanga humsitiri anapooshwa. Na aghalabu katika kila kanga pana maneno yaliyopigwa chapa, matatu, manne au saba, nayo husomwa na kila apitaye njiani. Vitabu havikuingia nyumba zote za Mzenga, wala magazeti hayakuingia. Maneno ya kanga yameingia zote.

Tena mtu asidhani kwamba desturi ya kuweka neno fupi mbele ya macho ya watu imeletwa na wenye viwanda. Watu wa pwani ni wazee wa jambo hili. Nenda Kizimkazi, kusini ya Unguja, utaona kiblani mwa msikiti maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi, yamechongwa katika jiwe, yakitaja mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 wa Miladi. Nenda Kilwa Kisiwani: masultani wa huko walipiga sarafu za shaba, upande mmoja jina la Sultani, na upande wa pili neno la kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili yakaingiana kwa kina kama vipande viwili vya ubeti. Mtu wa Kilwa akienda kununua samaki alikuwa ameshika neno la Mungu baina ya vidole vyake, na mvuvi akilipokea. Hata ng'ambo ya mbali, katika kasri ya Alhambra iliyoko Granada, wafalme Waislamu wa Andalusi waliandika ukutani, tena na tena pasipo kuchoka, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wafalme wale waliondolewa mwaka 1492. Maneno yako ukutani mpaka leo.

Basi kanga imekuja nyuma sana katika msafara huo, lakini imeyafanya ambayo jiwe na sarafu hazikuweza, kwani imempa kalamu mwanamke. Bibi zetu wa karne ya kumi na tisa walivaa kaniki, na merikani iliyoletwa na majahazi na merikebu. Kisha yasimuliwa kuwa wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua vitambaa vya leso vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora, wakavikata sita sita na kuvishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara, ambao hawalali, wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya ya ndege kanga, na wengi husema kuwa jina limetoka hapo. Ulipofutwa utumwa Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliitupa kaniki waliyoivaa katika unyonge wao wakajitanda kanga, ili aonaye ajue kwamba huyu sasa ni mtu huru. Kwa hiyo hata kabla ya kuandikwa neno lolote, nguo hii ilikuwa ikisema.

Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wasimulizi humtaja sana mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, na kanga zake mpaka leo zina alama ya “Mali ya Abdulla”. Na jambo ambalo napenda vijana walijue ni hili: maneno ya kwanza ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, herufi zilikuwa zile zile ambazo mama zetu walifundishwa chuoni. Herufi za Kirumi zilifuata baadaye. Nitarudi kwenye jambo hili, kwani limewahi kuleta ugomvi hapa kwetu.

Kila mwanamke anajua sehemu za kanga, lakini wanaume wengi hawajui, basi tuwaambie. Kuna pindo, ambalo huizunguka nguo pande zote nne. Kuna mji, nao ndio uwanja wa katikati. Na chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kuna maneno, na watu huyaita jina la kanga. Kanga mbili zilizo sawa ndizo doti. Mwenye kufika Kariakoo, katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, atasikia wanunuzi wakiuliza, “Hii inasemaje?” kabla ya kuuliza bei. Hawaulizi imeandikwa nini. Wauliza inasemaje, kana kwamba nguo ina kinywa. Na muuza duka huisoma kwa sauti.

Serikali na vyama navyo viliijua nguvu hiyo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kanga zikawa zinafumwa na kupigwa chapa hapa hapa nchini, na sikukuu za taifa na mikutano mikuu ya chama ikawa na kanga zake. Alipochaguliwa Barack Obama kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka kanga yenye sura yake na maneno ya kumpongeza. Hizo ni kanga za siku moja. Mwanamke huvaa ile ya sherehe, kisha hurudi kwenye zake za siku zote, zenye kusema khabari za nyumba yake.

Sasa tuingie katika lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya darsa moja la akina mama, alisimama mama mmoja akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa. Alisema, “Mwalimu, umetufundisha kuwa kila neno tulitamkalo laandikwa. Je, haya ya kanga ni maneno ya nani? Nitaulizwa mimi niliyevaa, au ataulizwa mwenye kiwanda aliyeyaandika?” Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lina uzito kuliko mengi tuulizwayo na watu wa vilemba.

Jawabu langu laanza na pete. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akafanya pete ya fedha, ikachorwa maneno mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Akawakataza watu wasichore pete zao kwa maneno yale. Pete ile ilivaliwa baada yake na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris isionekane tena. Sasa angalia: sonara ndiye aliyechora, lakini hapana hata mmoja aliyesema kuwa maneno ni ya sonara. Ni ya mvaaji. Na kwa kuwa ni ya mvaaji, wengine walikatazwa kuyachora. Neno livaliwalo mwilini ni muhuri wa mwenye mwili.

Basi nilimwambia mama yule kwamba mwenye kiwanda ataulizwa kwa alichokitengeneza, na mwenye duka kwa alichokiuza, lakini mwanamke aliyesimama dukani akasomewa kanga kumi, akaziacha tisa akaichagua moja, tena akangoja siku ya arusi ya jirani yake ndipo ajitande, huyo amesema. Tena amesema kwa sauti kuu kuliko aliyetamka. Aliyetamka neno baya kisimani, upepo umelichukua. Lakini kanga hufuliwa ikaanikwa, ikavaliwa tena Ijumaa ijayo, na neno ni lile lile.

Twajua sote namna mambo yanavyokwenda. Mwanamke amekosana na mke mwenziwe, au na wifi yake, au na jirani waliyegombania mpaka wa shamba la muhogo. Kutukana aona haya, na pengine aogopa baraza la mtaa. Hununua kanga iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”, akapita nayo mbele ya mlango wa mwenziwe mara tatu, akienda dukani kununua chumvi ambayo tayari anayo nyumbani. Akiulizwa husema, “Mimi nimevaa nguo tu.” Mwenziwe naye hakubali kushindwa, wiki ya pili atatoka na “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu na maneno yake.” Watoto wanaotoka shule huyasoma yote mawili kwa sauti, na mtaa mzima ukajua vita imefika wapi. Wanaume wamekaa barazani hawana khabari.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza watu kudharauliana, kisha akarudia akawataja wanawake peke yao, wasiwadharau wanawake wenzao. Akakataza pia kuitana majina ya kuudhi na kutiana aibu. Hapakusemwa kuwa ni kwa ulimi tu. Anayemficha mtu jina lake katika fumbo, na hali kila mmoja ajua ni nani akusudiwaye, hakuficha kitu.

Lakini, ndugu zangu, mizani ina pande mbili, na mimi sipendi wale wanaosimama wakazilaani kanga zote kwa jumla. Kuna msomaji naye. Msomaji aweza kukosa zaidi kuliko mvaaji, na hapa ndipo ninaporudi kwenye zile herufi.

Palikuwa na arusi katika vitongoji vyetu, si zamani sana. Shangazi wa bwana harusi, mama wa makamo ya uzee, alimletea bibi harusi doti moja nzuri, nyekundu na nyeusi, maua mjini, akamkabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu. Mama wa bibi harusi akaifungua akasoma: “Mdhaniaye ndiye kumbe siye.” Uso ukambadilika. Alifahamu kwamba wakwe wanasema binti yake siye waliyemtaka, au kwamba binti hakukutwa kama alivyodhaniwa. Siku ya tatu maneno yalikuwa yamefika kila kibaraza. Siku ya saba bibi harusi amerudi kwao. Nikaitwa mimi pamoja na wazee wawili kwenda kusuluhisha.

Tulikaa kutwa nzima. Kila upande ulileta ya zamani: mahari, pilau iliyopungua, nani hakusalimiwa. Mwisho nikamgeukia shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, nikamwuliza, “Shangazi, kanga ile ulipoinunua ilikuwa inasemaje?” Akanitazama. Akasema, “Mwanangu mwalimu, mimi nimenunua maua.”

Bibi yule amehitimu Kurani tangu utoto wake, na mpaka leo husoma juzuu moja kila siku baada ya alfajiri. Mpe waraka wa herufi za Kiarabu, atausoma bila kusita. Herufi za Kirumi hazijui hata moja, kwa maana shule hakupelekwa. Laiti kanga ile ingepigwa chapa kwa herufi zile za mwanzo, angelisoma jina lake akairudisha dukani. Alichagua kwa macho, wakamsoma kwa herufi.

Mama wa bibi harusi alilia. Nami nilimwambia jambo moja tu, kwamba katika sura ile ile ya Hujurat, aya ya 12, baada ya makatazo ya kudharauliana, Mwenyezi Mungu ametuamuru tujiepushe na dhana nyingi. Na neno la kwanza la kanga ile ni lipi? Mdhaniaye. Kanga ilikuwa ikimwonya yeye aliyeisoma, naye akapeleka onyo kwa mwingine. Binti alirudi kwa mumewe siku ile ile, na kanga, kwa nilivyosikia, anaivaa.

Haya niyasemayo hayawahusu wanawake peke yao. Vijana wa bodaboda huandika nyuma ya pikipiki zao maneno ya kuwakejeli mahasidi wao, kijana ambaye hata shilingi ya mafuta hana, nani atamhusudu? Na mmoja wa wanafunzi wangu alikuja chuoni na fulana ya mtumba yenye maandishi ya kigeni kifuani. Tukaja kujua ni jina la pombe. Kijana huyu ni sawa na shangazi yule: amenunua rangi. Tofauti ni kuwa yeye shule amepelekwa, na aweza kuuliza.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo akina mama waliniuliza siku ile, nayo ni ya ibada, basi tusiyapite.

La kwanza ni sala. Wanawake wetu wengi husali kwa kanga, moja kiunoni na moja kichwani, na ile ya kichwani jina lake huangukia mgongoni. Katika tarawehe aliye safu ya pili ana maandishi mbele ya macho yake, dhiraa moja, rakaa ishirini. Atafanya nini ila kusoma? Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, akayatupia jicho mara moja; alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, naye aletewe nguo ya Abu Jahm isiyokuwa na nakshi, kwa kuwa ile imemshughulisha. Yale yalikuwa mapambo tu. Seuze maneno, tena pengine maneno ya kumsema jirani aliyesimama safu hiyo hiyo! Rai yangu ni kuwa kila nyumba iweke kanga ya sala, isiyokuwa na neno la mtu, au ipinduliwe upande wa ndani. Wenye uwezo wana vazi la sala. Asiyekuwa nalo asione haya kupindua.

La pili ni zile kanga zenye kumtaja Mungu, kama ile isemayo “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu.” Maneno ni mazuri, hapana awezaye kuyatia ila. Lakini mwanamke akiifunga kiunoni, maneno huja mahali anapokalia. Mimi sikuletewa cheo cha kutoa fatwa, nasema kama mzee wa nyumbani: doti ina kanga mbili, na kichwa kipo. Ile yenye kumtaja Mungu ijitandwe juu, na kiunoni ifungwe nyingine, ingawa mafundi wa urembo watasema hazikulandana.

Na katika kuzungumza juu ya ubaya nisije nikausahau wema, kwani nao ni mwingi. Kuna mambo ambayo mtoto wa pwani hawezi kuyasema usoni mwa mzazi wake, haya humfunga. Binti aliyeolewa mbali hurudi na doti iliyoandikwa “Nani kama mama”, akaiweka juu ya kitanda bila kusema neno, akaenda zake jikoni kupuliza moto. Mama huiona. Hapana hotuba itakayofanya kazi kuliko hiyo. Nimewaona waume waliokosana na wake zao wakipita dukani wakatafuta jina linalofaa, wakasimama pale muda mrefu kuliko wasimamavyo wakinunua jembe. Na kanga ya “Wema hauozi” aliyopewa mkunga ina thamani kuliko fedha aliyopewa, kwani fedha huisha na ile kila aivaapo watu husoma alilolifanya. Yuko London mtu atakayezikuta kanga zetu zimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, zikaangaliwa kama sanaa, na hiyo ni haki yake. Lakini aliye nyuma ya kioo hawezi kujua nani alimpa nani.

Limebaki swali dogo la mwisho, ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote: Nimekwisha nunua, jina ni baya, fedha zimekwenda, nifanyeje? Usiitupe, na wala usimpe maskini, kwa maana utakuwa umemvisha yeye fumbo lako. Jina la kanga ni ukanda mwembamba tu. Likate kwa mkasi, ushone pindo lake juu, nguo itapungua urefu kidogo na itafaa kwa mbeleko, au kwa kulalia watoto. Na ikiwa imechakaa nayo ina jina la Mwenyezi Mungu, usiifanye tambara la kudekia wala la kushikia masufuria. Kata kipande kile peke yake ukichome moto, kama tunavyofanya kwa karatasi kuukuu za msahafu, ndipo uifanye iliyobaki upendavyo.